UZI: Jaguar C-X75, gari la turbini lililofutwa likiwa tayari linakimbia

Mtoto wa Kamalondo

Jambo yenu wote. Kwenye uzi ule mwingine mmebishana hadi usiku kuhusu Bugatti na Koenigsegg, magari ambayo tajiri akiyataka anayanunua, basi. Mimi nawaletea gari ambalo hata uwe na pesa za mwenye mgodi wa Kolwezi, hukuweza kuliagiza: Jaguar C-X75. Nitaandika kwa vipande, maana umeme umekatika na simu inakaribia kuzima.

Lilionyeshwa Paris mwaka 2010. Jaguar ilikuwa inasherehekea miaka 75 tangu jina hilo libandikwe kwenye gari kwa mara ya kwanza, 1935, na 75 ya kwenye jina la gari inatoka hapo. Mkuu wa usanifu alikuwa Ian Callum, yule Mskoti aliyechora pia Aston Martin DB7 na Vanquish. Kwa sura peke yake lingetosha kusimamisha watu. Lakini sura siyo iliyonifanya nifungue uzi.

Nyuma ya viti hapakuwa na injini ya pistoni. Paliwekwa turbini mbili ndogo za gesi, jamii ya injini za ndege, kutoka kampuni ya Kiingereza, Bladon Jets. Kila moja ina uzito wa kilo 35, inazunguka mara 80,000 kwa dakika na kutoa kilowati 70. Turbini zenyewe hazisukumi gurudumu hata moja, kazi yake ni kuzalisha umeme. Wanaosukuma ni mota nne za umeme, moja kwa kila gurudumu, kila moja nguvu za farasi karibu 195. Jumla ni farasi 778 na msokoto wa Nm 1,600. Jaguar walisema linatoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 3.4 na kufika 330 km/h. Betri ya kWh 19.6 ingelipeleka kilomita 110 bila kuwasha turbini. Ukiziwasha na tangi limejaa, kilomita 900. Yaani Lubumbashi hadi Kolwezi, kurudi, kisha kwenda tena, bila kusimama kutafuta mafuta.

Tazameni picha za ndani. Turbini zinaonekana kupitia kioo cha nyuma, hazikufichwa. Zinahitaji hewa nyingi, na hewa hiyo inapita kandokando ya viti, kwa hiyo viti vimefungwa moja kwa moja kwenye ukuta ulio nyuma ya dereva. Havisogei. Ukiwa mfupi, unavuta pedali na volani vije kwako. Mtu aliyeamua hivyo alikuwa amekubali kwamba kila kitu kwenye gari hilo kitazifuata turbini, hata mgongo wa dereva.

Kipande cha pili kinakuja. Msianze kutukana kabla sijamaliza.

Fundi Katuba

Hatutukani, tunafungua kapo, boneti, tuone ndani.

Turbini mbili ni kilowati 140. Mota nne ni kilowati 580, ndizo zile farasi 778. Ukikanyaga mpaka chini, kilowati 440 zinazobaki zinatoka kwenye betri. Betri ni kWh 19.6. Gawanya mwenyewe: inakauka kabla ya dakika tatu. Baada ya hapo una gari la farasi 190 lenye bei na sura ya farasi 778. Hiyo ndiyo ahadi waliyoiweka Paris chini ya taa.

Mtoto wa Kamalondo

Hesabu ni sahihi, Fundi, ila niambie barabara ambayo utakanyaga mpaka chini kwa dakika tatu mfululizo. Kwa 330 km/h ni zaidi ya kilomita 15 bila kugusa freni. Hata Ulaya hupati. Katika mwendo wa kawaida gari la chini kama lile linahitaji makumi machache ya kilowati, turbini zinatosha na zinabakisha za kujaza betri. Kila ukifunga freni, mota zinarudisha kidogo.

Na hapo ndipo walipokuwa na akili. Turbini haipendi kupandishwa na kushushwa. Rover walijaribu JET1, gari lao la turbini, mwaka 1950. Chrysler wakatengeneza magari 50 ya turbini na kuanzia 1963 wakawapa raia wa kawaida wayatumie, kisha mengi wakayaharibu wenyewe. Ugonjwa ulikuwa uleule: ukikanyaga, inachelewa kuitikia, ukisimama kwenye foleni, inaendelea kula mafuta. C-X75 ilikwepa yote mawili. Turbini inafanya kazi kama grupu ya nyumbani umeme ukikatika: unaiwasha, inazunguka kwa mwendo mmoja inaoupenda, inajaza betri, unaizima.

Uzuri mwingine, turbini haichagui mafuta. Ile ya Chrysler ilikunywa mazutu, mafuta ya taa, na Meksiko waliitia hata tekila.

Leki wa Kampemba

Yaya, basi ingekunywa na lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji?

Fundi Katuba

Ingekunywa. Na asubuhi ingeamka vizuri kuliko wewe.

Leki wa Kampemba

Minaomba kuuliza kiloko tu. Iyi gari bangeiuzisha bei gani? Na Jaguar iko na makuta mingi, sasa banaogopa gari juu ya nini?

Mtoto wa Kamalondo

Ndiyo kipande cha pili, mdogo wangu.

Mei 2011 Jaguar walitangaza kwamba gari litatengenezwa kweli. Magari yasiyozidi 250, kila moja kati ya pauni 700,000 na 900,000, kwa ushirikiano na Williams, wale wa Formula 1. Watu wakashangilia. Wachache ndio waliosoma mpaka chini: turbini zilikuwa zimeondolewa. Hazikuwa zimekomaa kwa gari la kuuza katika muda waliojipa, basi wakaziweka kando.

Mahali pake wakaweka injini ya lita 1.6, silinda nne. Msicheke bado. Corolla za 1.6 zinazobeba abiria hapa mjini zinatoa farasi mia na kitu kidogo. Ile ilitoa farasi karibu 500 kwa ujazo uleule. Ilikuwa na superchaja ya kusukuma hewa injini ikiwa chini, na turbo ya kuchukua kazi ikipanda, na ilizunguka hadi mara 10,000 kwa dakika. Ongeza mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, jumla inapita farasi 850. Mwili ni wa nyuzi za kaboni. Lengo lilikuwa kupita 350 km/h, na bado uweze kwenda kilomita kama 60 kwa umeme mtupu bila kumwamsha jirani.

Kisha Desemba 2012 wakalifuta. Sababu waliyotoa ni hali ya uchumi wa dunia. Kumbukeni, wakati huo prototaipu, magari ya majaribio, zilikuwa zinakimbia. Mwaka 2013, gari likiwa limekwisha kufutwa, waandishi wa magari walipewa waendeshe, na walirudi wakilisifu. Kwa hiyo anayesema lilishindikana kiufundi hajafuatilia. Gari lilifanya kazi. Lililoshindikana ni ujasiri wa ofisini.

Fundi Katuba

Hapo kwenye 1.6 nakuvulia kofia. Watu wanasoma "mara 10,000" wanapita. Ni kila pistoni kupanda na kushuka mara 166 katika sekunde moja, na kila inapofika juu inasimama kabisa kabla ya kurudi.

Kuna injini ya Corolla iko mezani kwangu sasa, dereva aliikaza akiwahi mpaka wa Kasumbalesa. Biele moja, ule mkono unaoshika pistoni, imepinda. Ukiishika mkononi huoni kitu. Ukiilaza juu ya kipande cha kioo ndipo unaona upande mmoja unaacha mwanga upite, wembamba wa karatasi. Upindo huo ulitosha kula ukuta wa silinda nzima, na injini yenyewe haikuwahi kuona hata 7,000. Sasa mtu apeleke nyingine ya ujazo huohuo kwenye 10,000, na turbo na superchaja juu yake, halafu mwenye kuinunua aende nayo kumchukua mtoto shuleni. Williams walifanya kazi ya kweli. Mimi naiheshimu injini ile kuliko turbini za Paris, na siombi radhi.

Mama wa Vipuri

Nyinyi wanaume mnapenda farasi. Mimi nasoma bei kwanza.

Magari 250 mara pauni 700,000 ni pauni milioni 175. Mara 900,000 ni milioni 225. Basi, hakuna senti nyingine itakayoingia. Humo lazima uwalipe Williams, ulipe mwili wa kaboni, injini mpya ambayo haitumiki kwenye gari lenu lingine lolote, uvunje magari kadhaa ukutani kwa majaribio ya ajali, upate vibali vya kila nchi. Halafu uweke ghala la vipuri kwa miaka mingi, kwa sababu aliyelipa bei hiyo hatakubali kuambiwa "subiri kontena." Mimi mteja wa taa ya IST ananipigia simu mara tatu kwa siku.

Leki aliuliza kwa nini kampuni yenye pesa inaogopa. Kampuni yenye pesa ndiyo inayojua kuhesabu. Tata walikuwa wamewanunua Jaguar na Land Rover kutoka kwa Ford mwaka 2008, na wahandisi wao hawakuwa wengi wa kutupwa huku na huku. Mwaka huohuo wa 2012 Jaguar walikuwa wanaitoa F-Type, gari lao jipya la spoti. Mhandisi mmoja hakai kwenye magari mawili. Ningekuwa mimi, ningefuta Novemba, nisingengoja Desemba.

Mtoto wa Kamalondo

Mama, heshima yako, lakini tazama upande wa pili. Porsche walionyesha 918 Spyder mwaka uleule wa 2010, nayo ya umeme na esanse, yaani petroli. Wakatengeneza 918, zikaisha. McLaren P1, magari 375, yakaisha. Ferrari LaFerrari, 499, nayo yakaisha, na moja zaidi ikapigwa mnada kusaidia waliopatwa na tetemeko Italia. Wateja karibu 1,800 walijitokeza kununua aina hiyohiyo ya gari, miaka hiyohiyo, na LaFerrari ilikuwa ya bei ya juu kuliko ya Jaguar. Na Jaguar Land Rover wakati huo ilikuwa inapata faida nzuri. Sasa huo uchumi mbaya ulikuwa wa nani?

Mama wa Vipuri

Wa yule anayeuza jina ambalo wateja hao hawajalizoea. Mwenye Ferrari tatu nyumbani akipigiwa simu na Ferrari kwamba kuna ya nne, ananunua bila kuuliza. Jaguar wangempigia nani?

Mzee wa Likasi

Watoto, mnazunguka. Jaguar walikuwa na orodha ya watu wa kuwapigia, wakaipoteza wenyewe. Tafuteni habari za XJ220.

Mwaka 1988, maonyesho ya Birmingham, walileta gari la V12, injini ya silinda kumi na mbili, magurudumu yote manne yanavuta. Matajiri wakapanga foleni, kila mmoja akaweka pauni 50,000 za kushikilia nafasi. Gari likatoka 1992. V12 haimo, imekuwa V6 ya turbo mbili. Linavutwa na magurudumu ya nyuma tu. Bei imepanda sana, na uchumi umeshuka. Wengine wakakataa kulichukua, mambo yakafika mahakamani. Yaliyotengenezwa hayakufika 300. Na gari lenyewe lilikuwa kali mno, kwenye uwanja wa majaribio wa Nardò kule Italia lilikaribia 350 km/h mwaka 1992, lakini nani alisikiliza? Watu waliahidiwa V12.

Rudini sasa kwenye uzi huu. Paris wanaonyesha turbini. Mwaka mmoja haujapita wanasema ni silinda nne. Mnaona walichokiona wakubwa wa Jaguar usiku wakilala? Mimi naona hesabu za Mama ni za kweli na za Kamalondo ni za kweli, ila kilicholiua gari ni kumbukumbu. Ferrari walionyesha kitu wakauza kitu hichohicho. Jaguar wangelazimika kumweleza kila mteja, mmoja mmoja, kwa nini ile iliyomvutia haimo.

Mtoto wa Kamalondo

Mzee, hapo nakubali kuliko nilivyotaka kukubali. Lakini basi kosa ni la kuonyesha turbini Paris, siyo la gari la Williams.

Mzee wa Likasi

Ndivyo. Bila turbini hakuna ambaye angefungua uzi.

Mwana Kolwezi

Nimesoma yote, hakuna hata mmoja aliyetaja kobalti. Ajabu! Gari la umeme na wanaojadili ni watu wa Katanga.

Kila mtu siku hizi akisikia kobalti anafikiri betri. Kabla ya betri kulikuwa na turbini. Mapanga ya ndani ya turbini yanakaa kwenye moto ambao chuma cha kawaida kingelainika, na aloi zinazostahimili joto hilo ni za nikeli na kobalti. Ndege zimekuwa zikiruka na vitu hivyo tangu zamani. Waulizeni wazee wenu kuhusu Mei 1978, vita ya Kolwezi. Migodi ilisimama, wageni wakakimbia, na kufikia mwaka uliofuata bei ya kobalti duniani ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Viwanda vya ndege vilitetemeka. Waliokuwa wanatengeneza spika za redio kwa sumaku za alniko, zenye kobalti ndani, wakahamia sumaku za feriti na wengi hawakurudi tena.

Nasema hivi kwa sababu Mama anahesabu pauni za London na Kamalondo anahesabu wateja wa Maranello, nyumbani kwa Ferrari. Bei ya gari la namna hii inaanzia kwenye udongo wetu, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia.

Fundi Katuba

Na betri zenyewe siku hizi nyingine hazina kobalti kabisa, zile za fosfati ya chuma. Wachina wanazijaza kwenye magari ya bei nafuu.

Mwana Kolwezi

Najua. Huku tunalifuatilia hilo kila tunapoangalia bei.

Leki wa Kampemba

Biko magari ingine ya namna hii? Yenye balionyesha na habakuuzisha?

Mzee wa Likasi

Mengi. Mercedes C111, 1969, injini ya Wankel, yenye rota za kuzunguka badala ya pistoni, rota tatu, mwaka uliofuata wakaweka rota nne, farasi 350, inafika 300 km/h. Watu walituma hundi zisizojazwa kiasi, "andikeni wenyewe bei." Mercedes wakakataa. Wankel ilikunywa mafuta kupita kiasi na moshi wake ulikuwa mbaya. Wakaliweka liwe gari la maabara, wakatia dizeli, na mwaka 1978 dizeli hiyo ikavunja rekodi Nardò ikipita 300 km/h. Mwaka 1979 wakaweka V8, ikafika 403. Halafu 1991 wakarudia mchezo na C112, V12 ya lita 6, oda karibu 700 zikaingia, wakafuta tena. Tofauti na Jaguar, hawakumwahidi mtu.

Leki wa Kampemba

Na iyi C-X75 iko wapi sasa?

Mtoto wa Kamalondo

Prototaipu za Williams zilibaki chache, nyingine ziliishia kwa watu binafsi. Kazi ya betri haikupotea. Williams ndio waliotengeneza betri za magari yote ya Formula E, mashindano ya magari ya umeme, msimu wa kwanza, 2014, na Jaguar wenyewe wakaingia mashindano hayo 2016.

Halafu kuna jambo la kuchekesha. Kwenye sinema ya James Bond ya 2015, adui anaendesha C-X75 usiku ndani ya Rome. Watu wakafikiri wameona ile ya umeme. Sivyo. Magari ya kufanyia vituko yalijengwa na Williams kwa fremu ya mabomba ya chuma, na ndani yake V8 ya lita 5 yenye superchaja, ile ya Jaguar ya kawaida, kwa sababu lazima yaruke ngazi na kugonga na kuamka tena. Moja kati ya hayo Ian Callum, ambaye alikwisha kuondoka Jaguar na kufungua kampuni yake, alilitengeneza upya kwa ajili ya mwenye gari lipate kibali cha barabarani mwaka 2024.

Kwa hiyo gari hili lina mioyo mitatu chini ya sura moja: turbini ya Paris, 1.6 ya Williams, na V8 ya sinema. Na iliyofika barabarani na namba yake ni ile ambayo haikuwahi kupangwa kuuzwa.

Fundi Katuba

Na ndiyo ningeichukua mimi. Fremu ya chuma nachomelea hapa Katuba. V8 ile iko kwenye Range Rover kibao mjini, naijua mpaka sauti. Kaboni ikipasuka na mota ya umeme ikizima, nitampigia nani?

Mtoto wa Kamalondo

Fundi, dakika chache zilizopita ulikuwa unaivulia kofia 1.6!

Fundi Katuba

Kuheshimu siyo kununua. Mama, superchaja ya V8 ya lita 5 unayo?

Mama wa Vipuri

Ninayo moja, imetoka Dubai. Haina mkanda. Na usiniulize bei hapa mbele za watu, njoo dukani.